Tasnifu Haipatikani? Dalili, Sababu na Namna ya Kuifikia Ukiwa Tanga

Mwalimu mmoja wa Muheza alinijia na karatasi aliyoikunja mara nne. Ndani yake mlikuwa na mstari mmoja alionakili kwa kalamu kutoka kurasa za marejeo za kitabu: jina la mtu, mwaka 1978, kichwa kirefu kuhusu vibarua wa mashamba ya mkonge, kisha neno "haijachapishwa". Wiki tatu alikuwa akiitafuta. Kila jioni alikiandika kichwa kile kwenye Google, akabadilisha neno hili na lile, mpaka bando likamwishia. "Kaka, kitu hiki hakipo," akaniambia.

Kilikuwapo. Kilikuwa rafuni Dar es Salaam, na tulikiona katika katalogi kwa dakika zisizofika kumi, kwa kutumia neno moja la kichwa pamoja na mwaka. Mwalimu yule hakuwa mzembe. Alikuwa anaitafuta tasnifu, yaani kazi ya utafiti inayoandikwa ili kupata shahada, kama mtu anavyotafuta kitabu. Kitabu huchapwa kwa mamia kikatawanyika madukani na mashuleni. Tasnifu hutolewa nakala chache za gamba gumu, pengine nne au tano, na kila nakala ina pa kwenda: maktaba ya chuo kilichotoa shahada, idara, msimamizi, na mwandishi mwenyewe. Ndiyo maana swali la kuanzia ni hili: shahada ilitolewa na chuo gani, mwaka gani? Kichwa kinafuata baadaye. Nimekaa na walimu, matabibu wa hospitali ya Bombo na vijana wa utafiti wa kilimo kwa miaka kadhaa sasa, na karibu kila aliyekwama alikuwa ameliruka swali hilo.

Hizi ndizo dalili wanazoniletea, na ninavyozikagua.

"Naandika kichwa, haitoki kitu"

Kwanza jiulize umetafuta wapi. Maktaba ya chuo kikuu ina milango miwili, na wengi wanaujua mmoja tu au hawaujui hata huo. Mlango wa kwanza ni katalogi, yaani orodha ya kila kilichopo rafuni. Wa pili ni hazina ya kidijiti, yanakokaa mafaili ya tasnifu zilizoskaniwa au zilizowasilishwa kwa nakala laini. Google huchungulia mlango wa pili kwa sehemu, na ule wa kwanza haioni karibu chochote. Mtu aliyetafuta kwa Google peke yake bado hajatafuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sokoine, Muhimbili, Mzumbe, Dodoma, Chuo Kikuu Huria na Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, kila kimoja kina hazina yake. Ingia kwenye tovuti ya chuo, tafuta sehemu ya maktaba, kisha fungua katalogi na hazina, zote mbili.

Kama umeshafungua zote mbili na bado kimya, chunguza maneno unayoandika. Kichwa kilichomo kwenye marejeo ya mtu mwingine mara nyingi kina kasoro. Aliyekinukuu alikifupisha, au alikitafsiri kwa Kiswahili ilhali tasnifu yenyewe ni ya Kiingereza, au aliacha kichwa kidogo cha chini. Ukiandika sentensi nzima, kosa la herufi moja linakufungia. Chagua maneno mawili ambayo hayatumiki ovyo, jina la mahali na jina la kitu, basi.

Jina la kitu lina njia yake ya mkato ambayo watu wa sayansi waitumie bila kuchoka: jina la kisayansi halibadiliki kwa lugha. Anayetafuta habari za mkonge aandike Agave sisalana, na ataletewa kazi za Kiingereza, Kijerumani na Kireno kwa pamoja. Anayefuatilia silikanti, yule samaki wa kale ambaye majarife ya wavuvi wetu yamekuwa yakimnasa tangu 2003 hadi ikatengwa hifadhi yake ya bahari hapa Tanga mwaka 2009, aandike Latimeria chalumnae. Mtu wa mikoko aandike Avicennia kwa mchu na Rhizophora kwa mkoko wenyewe. Tahadhari moja tu: hata majina ya kisayansi huhama. Lile ua la milima ya Usambara ambalo watu wa ughaibuni hulipanda vyunguni na kuliweka madirishani liliitwa Saintpaulia kwa zaidi ya miaka mia, na siku hizi wataalamu wameliingiza katika Streptocarpus. Tasnifu za zamani ziko chini ya jina la kwanza.

Jina la mahali nalo lina historia. Kijiji cha Maramba leo kiko wilaya ya Mkinga, lakini aliyeandika kabla Mkinga haijatengwa aliandika Muheza, na hakukosea. Kilindi ilikuwa ndani ya Handeni. Kabla ya 1964 utaona Tanganyika. Kwa hiyo andika jina la kijiji, la wilaya ya sasa, na la wilaya mama, moja baada ya jingine.

Sasa jina la mtu. Hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapoumia zaidi. Anayeingiza kumbukumbu kwenye katalogi hunakili jina kama lilivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa tasnifu, na kompyuta haijui kwamba Ali na Ally ni jina moja. Haijui kwamba Mohamed, Mohammed na Muhammad ni moja, wala Hatibu na Khatib, Athumani na Othman, Shabani na Shaaban. Nimeshuhudia mtu mmoja ana tahajia tatu: moja kwenye tasnifu ya uzamili, nyingine kwenye ya uzamivu, ya tatu kwenye makala. Halafu kuna mpangilio. Katalogi hutanguliza jina la mwisho, lakini majina yetu ni matatu, langu, la baba na la babu, na aliyeingiza kumbukumbu huenda alitanguliza la baba. Yajaribu yote matatu. Mwanamke aliyeandika tasnifu kabla ya kuolewa huenda makala zake za baadaye zina jina jingine kabisa. Katalogi nyingi hukubali alama ya nyota mahali pa herufi usizokuwa na uhakika nazo: ukiandika Moham* itakuletea tahajia zote zinazoanza hivyo. Hata anayetafuta kazi kuhusu Shaaban Robert, mwana wa Tanga aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, asiishie kwenye "a" mbili. Wapo walioandika vichwa vyao "Shaban".

Neno la mwisho la kukagua ni jina la aina ya kazi. Kwa Kiswahili utakuta tasnifu, utakuta tasinifu. Kwa Kiingereza, kwetu na Uingereza "dissertation" mara nyingi ni ya uzamili na "thesis" ya uzamivu, na Marekani ni kinyume chake. Ukichuja matokeo kwa neno moja tu, umeitupa nusu ya ghala. Mimi sichuji kwa neno hilo kabisa. Nachuja kwa mwaka.

"Chuo kinasema hakina kazi hiyo"

Dalili hii ikitokea, nasimamisha kila kitu na kutazama mwaka. Kijana mmoja wa Mlingano alikuwa akiitafuta tasnifu ya 1981 kuhusu udongo wa mashamba ya mkonge. Kwa kuwa ilikuwa ya kilimo na iliandikiwa Morogoro, alikazana na Sokoine. Lakini Chuo Kikuu cha Sokoine kilianzishwa 1984. Kabla ya hapo Morogoro palikuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na shahada ile ilitolewa kwa jina la Dar es Salaam. Nakala yaweza kuwa Mlimani, kwenye kampasi ya Dar es Salaam, yaweza kuwa imebaki Morogoro, hivyo ulizia kote kuwili. Katika kumbukumbu, chuo kitaandikwa Dar es Salaam.

Mkasa wa namna hii unajirudia katika taaluma nyingine, kwa hiyo inafaa kuwa na miaka kichwani. Chuo cha Dar es Salaam kilianza 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kuanzia 1963 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 kila kimoja kikashika njia yake. Tasnifu ya 1968 kuhusu reli ya Usambara, kwa mfano, itaandikwa "Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki", na nakala yake yaweza kuwa Kampala au Nairobi kama mwandishi alikaa huko. Udaktari wa Muhimbili ulikuwa kitivo cha Dar es Salaam, ukawa chuo kishiriki 1991, ukawa chuo kikuu kamili 2007. Ardhi nayo ilijitegemea 2007. Mzumbe ilipata hadhi ya chuo kikuu 2001, na kabla ya hapo ilikuwa chuo cha menejimenti ya maendeleo. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992, kwa hiyo anayekuambia ana tasnifu ya Huria ya 1988 amekosea mwaka au amekosea chuo.

Sababu ya pili ya dalili hii ni kwamba aliyekujibu ametazama sehemu moja tu. Mimi mwenyewe nilipoteza siku nzima katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Nilifika kaunta, nikaonyesha kichwa, nikaambiwa hakipo, nikaondoka. Miezi miwili baadaye nikaambiwa na mhadhiri kwamba nakala ilikuwa idarani, ghorofa ya pili ya jengo la jirani, katika kabati la vioo nyuma ya meza ya katibu muhtasi. Kabla ya kuondoka kaunta uliza maswali mawili: je, kuna tasnifu ambazo hazijaingizwa katika katalogi? Na idara ina chumba chake cha kusomea? Hasa kwa kazi za uzamili za miaka ya 1980 na 1990, majibu ya maswali hayo mawili yameniokoa mara nyingi.

"Naiona, lakini hakuna faili"

Hii si hitilafu. Kumbukumbu ipo, karatasi ipo, na faili halijatengenezwa. Uskani unagharimu mikono na muda, na maktaba huanza na zinazoombwa zaidi. Mara nyingine faili lipo ila mwandishi ameomba lifungiwe kwa muda, mwaka mmoja au miwili, pengine kwa kuwa anataka kwanza kuchapisha makala. Soma ukurasa wa kumbukumbu hadi chini; ikiwa imefungiwa, tarehe ya kufunguliwa huandikwa hapo.

Usikimbilie stendi ya Kange siku hiyo hiyo. Nakili kwanza namba ya rafu, herufi kwa herufi, pamoja na nukta zake. Kisha mwandikie mkutubi. Namna unavyoandika ndiyo inayoamua utajibiwa baada ya siku mbili au hutajibiwa kabisa. Ujumbe wa "naomba mnitumie tasnifu kuhusu mkonge" unamwachia mtu kazi yote. Huu hapa ni mfano wa ujumbe niliomwandalia yule mwalimu wa Muheza:

"Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Muheza, na ninaandika utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu vibarua wa mashamba ya mkonge. Katika katalogi yenu nimeiona tasnifu hii (nikaweka jina la mwandishi, kichwa, shahada, mwaka na namba ya rafu). Sikuona faili lake. Naomba kujua mambo matatu: kama nakala ipo rafuni kwa sasa, kama naweza kupata kurasa za yaliyomo na ikisiri, na utaratibu pamoja na gharama za kupata sura ya tatu. Nikilazimika kuja, naomba mnieleze nije na nini. Asanteni."

Alijibiwa. Angalia kwamba hakuomba tasnifu nzima. Kwenye tasnifu za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kurasa za mwanzo zina ukurasa wa hakimiliki unaotaja sheria ya 1999 na kusema kuwa kazi isinakiliwe, isipokuwa dondoo fupi kwa utafiti au kujisomea, bila idhini ya maandishi ya wanaosimamia masomo ya uzamili. Mkutubi anaijua sheria hiyo. Ukimwomba sura moja anaweza kukusaidia. Ukimwomba kurasa 400 unamtia mashakani.

Kama wewe ni mwanafunzi wa chuo chochote, pitia maktaba yako kwanza. Ombi linalotoka kwa mkutubi kwenda kwa mkutubi mwenzake, kwa utaratibu wa kuazimana baina ya maktaba, lina uzito ambao barua pepe yako haina. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria wa hapa Tanga waanzie kituo chao cha mkoa. Hata asiye mwanafunzi anaweza kuanzia maktaba ya mkoa, si kwa sababu tasnifu itakuwapo, bali kwa sababu pana mtu aliyesomea kazi hiyo na anayejua kuuliza.

Safari ikiwa lazima, iandae. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300, na nimeona watu waliorudishwa getini kwa kukosa karatasi moja. Chukua barua ya utambulisho kutoka kwa mwajiri au chuo chako, yenye mhuri, ikitaja jina lako na unachotafuta. Chukua kitambulisho chenye jina lile lile la kwenye barua. Piga simu kuhakikisha si wiki ya mitihani wala ya kuhesabu vitabu. Kule Mlimani, mkusanyiko unaoitwa East Africana ndio wa kuulizia unapotafuta tasnifu na machapisho ya Afrika Mashariki. Kazi za namna hii husomewa mle mle, haziazimwi kwenda nazo nyumbani.

Ikishaletwa mezani, utaiona: gamba la kitambaa, mgongoni herufi za dhahabu zenye jina la mwandishi, shahada na mwaka, na kurasa za zamani zilizopigwa taipu zikiwa zimebonyea kidogo upande wa nyuma. Usianze ukurasa wa kwanza. Nenda kwenye marejeo, upige mstari kwenye daftari lako kila unachokiona kuhusu Tanga, kwa sababu hapo utapata majina ya tasnifu nyingine tano usizozijua. Kisha sura ya mbinu, kisha sura unayoihitaji. Andika namba ya ukurasa kila unaponakili sentensi. Kurudi tena kwa ajili ya namba moja ya ukurasa ni nauli mbili.

"Faili lipo, halifunguki"

Tazama ikoni. Kwenye hazina nyingi za vyuo vyetu, kufuli dogo kando ya jina la faili maana yake ni kwamba limezuiwa kwa walio nje ya chuo. Ukilibofya litakudai nywila, au litakupa fomu fupi ya kuomba nakala. Ijaze fomu hiyo kwa ukamilifu ule ule wa ujumbe wa hapo juu. Ombi huenda kwa msimamizi wa hazina au kwa mwandishi.

Kama hakuna kufuli, na ukurasa unasema haupatikani, huenda hazina imehamishiwa mfumo mpya na anwani za zamani zimekufa. Usiendelee kubofya kiungo ulichokitoa kwenye makala ya mtu. Fungua hazina kupitia tovuti ya chuo leo hii, utafute kichwa upya. Ikishindikana, jaribu CORE au BASE, ambazo hukusanya kumbukumbu za hazina za dunia nzima. CORE mara nyingine huwa imehifadhi nakala ya faili lenyewe. Wayback Machine nayo huhifadhi kurasa za zamani, na imenipatia faili mara kadhaa baada ya seva ya chuo kuzimika.

Na kagua ukubwa. Faili la kilobaiti 12 si tasnifu, ni ukurasa wa kosa uliovishwa jina la PDF. Tasnifu iliyoskaniwa yaweza kufika megabaiti 60 au zaidi, na simu ikikatikiwa mtandao njiani hubaki kipande kisichofunguka. Ipakue kwa kompyuta yenye intaneti tulivu, uiweke kwenye flashi.

"Limefunguka, lakini lina kasoro"

Ukitafuta neno ndani yake na kupata sifuri, ilhali unaliona kwa macho, ujue kurasa ni picha tupu. Ukipakia kurasa chache kwenye Google Drive na kuzifungua kama hati, itajaribu kuyasoma maandishi. Kwa taipu safi hufanya vizuri. Kwa herufi zilizofifia hakikisha kila neno.

Ramani zikikosekana, uliza kama tasnifu ya karatasi ina mfuko kwenye gamba la nyuma. Ramani kubwa za kukunjwa ziliwekwa humo, na wanaoskani huziacha.

Tasnifu ya Sweden au Norway ikiwa na kurasa 80 tu pamoja na orodha ya makala nne, haijakatwa. Huko uzamivu mwingi huandikwa kwa mtindo wa makala kadhaa zenye utangulizi mrefu, na toleo la mtandaoni huziacha makala kwa ajili ya hakimiliki za majarida. Zitafute moja moja kwa vichwa vyake.

"Imeandikwa kuhusu sisi, lakini iko ng'ambo"

Tanga, waja leo warudi leo. Watafiti wengi walikuja Amani, Lushoto, Pangani, wakakaa kwa wenyeji, wakauliza maswali, wakarudi makwao, na wenyeji hawajawahi kuziona kurasa zilizotokana na majibu yao. Jambo hili linaniuma, na ndiyo sababu sehemu hii nawasisitizia watu waifanyie bidii.

Kila nchi ina desturi yake. Kwa Uingereza kulikuwa na huduma moja ya Maktaba ya Taifa iitwayo EThOS, ambayo iliangushwa na shambulio la kimtandao la Oktoba 2023. Maelekezo mengi ya zamani bado yanakupeleka huko. Ikikukwamisha, nenda moja kwa moja kwenye hazina ya chuo husika, kwa mfano SOAS, chuo cha London, kwa mambo ya Kiswahili na Afrika. Kwa Ufaransa kuna theses.fr. Kwa Marekani, kampuni ya ProQuest inakusanya tasnifu tangu enzi za maikrofilamu, miaka ya 1930, na imekuwa ikiuza nakala. Usilipe kabla ya kutafuta kwenye hazina ya chuo chenyewe, maana vyuo vingi vya Marekani sasa huziweka wazi, na chuo unachosoma huenda kimeshalipia. NDLTD na OATD hukusanya za nchi nyingi kwa pamoja na hazidai hela.

Ujerumani inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu inatuhusu sana. Taasisi ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na maandishi ya wakati ule kuhusu Usambara ni mengi. Kwa desturi ya Ujerumani, mwenye uzamivu analazimika kuichapisha tasnifu yake. Matokeo yake ni kwamba unachokitafuta kama tasnifu kimekaa katalogini kama kitabu cha kawaida, chenye mchapishaji, na pengine kichwa kimebadilishwa kidogo. Ondoa kichujio cha tasnifu, tafuta jina la mwandishi katika katalogi ya Maktaba ya Taifa ya Ujerumani, na uruhusu tofauti ya mwaka mmoja au miwili kati ya kutahiniwa na kuchapwa.

Kwa watafiti wa kigeni wa miaka ya karibuni, kumbuka pia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoanzishwa 1986. Ndiyo inayotoa vibali vya utafiti, na mtafiti anatakiwa kuwasilisha taarifa za alichokipata. Kama unajua jina lake na mwaka aliokuja, una haki ya kuuliza.

"Mwandishi hajibu"

Barua pepe iliyo kwenye ukurasa wa kwanza wa tasnifu ni ya mwanafunzi, na mwanafunzi akihitimu anwani hiyo hufungwa. Tafuta makala yake ya karibuni zaidi, uchukue anwani iliyomo. Usipompata, msimamizi wake ametajwa kwenye shukrani, na wasimamizi hudumu vyuoni kuliko wanafunzi. Waandishi wengi wanafurahi kusikia kwamba mtu wa Tanga anataka kusoma walichoandika kuhusu Tanga. Waambie unakaa wapi. Wengine watakumbuka kijiji, na watauliza habari za mzee fulani.

"Tasnifu yangu mwenyewe haionekani"

Dada mmoja aliyehitimu uzamili alijitafuta akajikosa, akadhani chuo kimepoteza kazi yake. Tulipofuatilia tukakuta sababu ziko mbili. Aliwasilisha nakala ngumu, na sidii yenye nakala laini haikusomeka. Na kwenye fomu ya kuwasilisha aliweka alama kwenye kisanduku cha kufungiwa bila kukisoma, kama tunavyofanya wengi siku ya kuwasilisha, tukiwa tumechoka na duka la kubaindi linakaribia kufunga.

Dawa yake ni ndogo. Andikia maktaba, si idara. Ambatisha PDF ya toleo lile lile lililopitishwa baada ya masahihisho, lenye kurasa za sahihi, pamoja na barua fupi ya kuruhusu lifunguliwe. Taja jina lako kama lilivyo kwenye cheti, na kama una tahajia nyingine uliyotumia kwenye makala, omba iongezwe kwenye kumbukumbu. Kwenye maneno ya kutafutia waombe waweke la Kiswahili na la Kiingereza, na jina la kijiji ulichofanyia utafiti. Baada ya wiki mbili jitafute tena, kwa jina la babu.